Tarehe Sita ya Mwezi Gani?

Mwanzoni mwa mwezi wa pili nilikuwa na mgeni kutoka Bukoba, muuza vipuri vya malori ambaye tumejuana miaka mingi, na jamu ya Jinja Road, Kampala, ilikuwa imetushika. Mbele yetu palikuwa na bango la jeshi: askari anatabasamu, bendera inapepea, na maandishi makubwa yanasema TEREHE SITA. Mgeni wangu akalisoma mara mbili. Kwanza akataka kujua hiyo "terehe" ni kitu gani. Nikamwambia ni tarehe, ila imepata ajali njiani. Akatulia kidogo, halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwa Mganda yeyote.

"Sita ya mwezi gani?"

Nilicheka, kisha nikaona ana haki. Kwao wana Saba Saba na Nane Nane. Siku na mwezi vinafanana, huna haja ya kuuliza. Wakenya nao wana Saba Saba yao ya 1990, ile ya virungu na mabomu ya machozi. Sisi tuna sita moja, imesimama peke yake kama mlingoti usio na bendera. Kila mwaka una tarehe sita 12. Jeshi letu lilichagua mojawapo, likaipa jina lisilosema ni ipi, na sote tukanyamaza kama tumeelewa.

Ni ya Februari. Februari 1981. Wala si sikukuu ya kupumzika: benki zinafungua, boda boda wanapiga kazi, na mwajiri wako hatakuelewa ukisema umekaa nyumbani kwa sababu ya shambulio la Kabamba. Sikukuu za kulala tunazo nyingi. Kuna 26 Januari, siku NRM ya Museveni ilipoingia madarakani mwaka 1986. (Amin alipindua serikali 25 Januari 1971. Angechelewa siku moja tu, leo tungekuwa na tatizo kubwa la kalenda.) Kuna mashahidi wa Namugongo tarehe 3 Juni, mashujaa tarehe 9 Juni, uhuru tarehe 9 Oktoba. Tarehe Sita yenyewe ni ya wanajeshi, sherehe ya nyumbani kwao, inayozungushwa wilaya hii mwaka huu na ile mwaka ujao, na sisi raia tunaalikwa kama majirani wanaoitwa kwenye harusi kwa sababu muziki utawasumbua hata wasipoalikwa.

Tena ndiyo siku kubwa ya Uganda yenye jina la Kiswahili, katika nchi ambayo nusu ya watu watakuambia Kiswahili ni lugha ya wezi. Nitarudi hapo.

Mgeni wangu akauliza kilitokea nini siku hiyo. Nikamweleza, na nilivyoendelea kueleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayesifia mechi ambayo timu yake ilifungwa. Asubuhi ya tarehe 6 Februari 1981, kundi la watu arobaini na kidogo wenye bunduki 27, wakiongozwa na Yoweri Museveni, walivamia chuo cha jeshi cha Kabamba, upande wa Mubende. Nia ilikuwa kufungua ghala la silaha na kujihudumia. Ghala halikufunguka. Risasi ya kwanza, ambayo historia imeiandika kwa jina la Elly Tumwine, msomi wa sanaa kutoka Makerere aliyekuja kuwa jenerali, iliwazindua walinzi, na waliokuwa ghalani wakajibu kwa moto. Wavamizi wakaondoka na magari na vitu vichache. Miongoni mwao walikuwamo Fred Rwigyema na Paul Kagame, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba asubuhi ile Kabamba ilishindwa kutoa bunduki ila ikatoa rais wa nchi jirani.

Mara ya tatu kuivamia Kabamba, tarehe 1 Januari 1985, ndipo Salim Saleh, mdogo wake Museveni, na watu wake walipolipata ghala. Huo ndio ushindi hasa. Lakini nani atasherehekea ushindi siku ya mwaka mpya, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao?

Na sababu ya yote? Uchaguzi wa Desemba 1980, uliotangazwa kuwa wa UPC, chama cha Obote, na ambao wengi waliona umeibwa. Chama cha Museveni kilipata kiti kimoja, na kiti hicho hakikuwa chake. Kwao alishindwa na Sam Kutesa wa chama cha DP. Kutesa huyohuyo baadaye akawa mkwe wake, na kisha waziri wake wa mambo ya nje kwa miaka mingi. Nchi hii, ukikaa vya kutosha, kila mtu atakuwa shemeji wa mtu aliyempiga.

Hapo ndipo anapoingia Mzee wangu.

Februari 1981 Mzee alikuwa jeshini. Upande wa pili. Alikuwa UNLA, jeshi la serikali ya wakati huo, kijana wa miaka 24 kutoka Tororo, kambini Jinja, mbali na Kabamba. Ukimuuliza walipokeaje habari ile, anakujibu kwa Kiswahili chake cha kambi, ambacho sitathubutu kukisahihisha:

"Sisi nasikia kwa messi. Watu nasema, kuna wezi nataka kuiba bunduki Kabamba. Afande nasema, wezi tu hawa, hapana shida."

Hiyo "hapana shida" ilidumu miaka 5.

Mwaka 1986 washindi walipoingia, wengi wa upande ulioshindwa walikimbia, na wengine wakachukuliwa katika jeshi jipya. Mzee akawa miongoni mwa waliochukuliwa. Wakapelekwa mchakamchaka: kukimbia alfajiri, kuimba, kisha kukaa chini ya mti na kufundishwa siasa. Huko akaambiwa kwamba amekombolewa. Hakuambiwa kutoka kwa nani, na kwa adabu hakuuliza, maana jibu la wazi lingekuwa: kutoka kwako mwenyewe. Tangu hapo, mpaka alipostaafu akiwa sajini, kila Februari alipanga mstari, akapiga saluti, akasherehekea siku jeshi lake liliposhambuliwa.

"Mimi ndiyo nashambuliwa," husema, "na keki nakula."

Mimi nilizaliwa kambini baada ya mageuzi hayo. Tuliishi kwenye yuniporti, vile vijumba vya mabati vya duara ambavyo mchana ni tanuri na usiku wa mvua ni ngoma. Mama ni Mteso, Mzee ni Japadhola. Kiswahili ndicho kilichowaozesha. Lakini Kiswahili gani! Kilikuwa kile kilichotoka kwa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, kikosi cha 4 kilichokuwa na makao yake Jinja, kikapita kwa akina Amin, kikamfikia Mzee kikiwa kimeshavuliwa ngeli zote kama kuku aliyenyonyolewa. "Wewe nakwenda wapi?" "Kuja hapa." "Mimi hapana jua." Lugha ya kupewa amri na kutoa visingizio. Ngeli nilizikuta sekondari, kwa mwalimu mmoja aliyesomea Tanzania, na nilizipokea kama nilivyopokea viatu vya ngozi: vizuri, ila vinabana. Nilipoanza kumsahihisha Mzee mezani, Mama aliniambia, "Huyo amekulisha kwa hicho Kiswahili kibovu. Nyamaza ule."

Nikanyamaza nikala. Ila nikaanza kuyasikiliza maneno.

Mtu akitaka masalia ya vita vya Uganda, kwa maoni yangu asianzie kwenye minara. Ule mnara wa uhuru wa Speke Road, mama anayemwinua mtoto, kazi ya Gregory Maloba ya mwaka 1962, ni mzuri, lakini kazi yake kubwa siku hizi ni kupigiwa picha. Asikilize watu wanavyoongea Kiganda sokoni. Kila utawala uliopita ulitoboa shimo katika lugha za watu na kuacha humo neno la Kiswahili, kama risasi ambayo daktari aliona ni salama zaidi kuiacha mwilini.

Mafuta mingi, kwa mfano. Ndilo jina walilopewa watu waliogawiwa maduka na viwanda vya Waasia waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Mafuta *mengi*, mwalimu wangu angesema, na angekata alama. Lakini hakuna Mganda atakayekuelewa ukisema mengi. Utajiri ule uliingia nchini na kosa lake la ngeli na halitoki. Magendo nayo, ambayo kwingine ni kupitisha mali mpakani kimya kimya, hapa ilikuwa uchumi mzima wa nchi. Mwaka 1979 wanajeshi wa Tanzania walipomfuata Amin mpaka Kampala, Waganda wakawaita bakombozi, wakombozi waliovalishwa kiambishi cha Kiganda, na makombora yao ya kurushwa kwa mfululizo wakayaita saba saba. Hili lilimshtua sana mgeni wangu wa Bukoba. Kwao saba saba ni maonyesho ya biashara na soda baridi. Kwa shangazi yangu ni mlio unaoanza mbali, na wewe unahesabu ukiwa uvunguni.

Kuna mayumba kumi, nyumba kumi iliyonenepa kidogo, yaani balozi wa mtaa aliyejua nani amelala kwako jana. Kuna kadogo, mtoto aliyebebeshwa bunduki, kwa ngeli ya ka- ambayo walimu wa Dar es Salaam hawaitambui lakini ambayo ilipita hapa imevaa gwanda. Kuna wananchi, ambao magazeti yetu huwaandika wanainchi, kana kwamba tunapimwa kwa rula.

Na kuna panda gari.

Hilo ni sanifu kabisa. Ukilipeleka kwenye mtihani utapata alama zote. Siku moja Wandegeya nilipanda teksi, kondakta akiwa kijana wa mpakani Busia, mchangamfu, anaita abiria kwa Kiswahili ili aonekane mjanja. "Panda gari, mama, panda gari twende!" Mama aliyeitwa alikuwa mtu mzima, gomesi yake ya kijani imepigwa pasi vizuri, mkono ukiwa tayari kwenye mlango. Akasimama. Hakukasirika, hakusema kitu. Aliutoa mkono mlangoni taratibu, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kujua, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri teksi iliyofuata. Yule kijana akabaki anashangaa amemkosea nini. Angejuaje? Alizaliwa miaka mingi baada ya utawala wa pili wa Obote, baada ya zile asubuhi ambapo askari walizingira mtaa, wakaamuru watu wapande malori wakachunguzwe, na wengine hawakurudi. Operesheni yenyewe watu waliiita kwa amri yake. Panda gari.

Kwa hiyo mtu akikuambia Kiswahili ni lugha ya wezi na wanajeshi, kabla hujamwita mshamba muulize alikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa nani. Serikali zimejaribu. Amin alikitangaza lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, jambo ambalo halikukisaidia hata kidogo. Ni kama kusifiwa na jambazi mahakamani. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha tena kwamba kitumike rasmi na kifundishwe shuleni. Tangazo juu ya tangazo, kama mtu anayemwambia mkewe kila miaka michache kwamba sasa ameacha pombe kweli.

Nilimpeleka mgeni wangu makumbusho ya taifa, Kitante, kwa kuwa alitaka "kuona vitu vya vita". Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1908 kwenye ngome ya Lugard, Old Kampala, na wenyeji wakayaita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya mapembe ya uganga, kwa sababu Wazungu walikuwa wanakusanya humo hirizi za watu. Jina la haki kabisa. Jengo la sasa ni la mwaka 1954.

Nikamsimulia habari za Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, na hapo ndipo alipoacha kutazama simu. Kibuuka alikuwa akipigana kutoka angani. Alijificha ndani ya wingu juu ya jeshi la Bunyoro na kuwamiminia mishale, jeshi la anga la mtu mmoja, karne kadhaa kabla ya mtu yeyote kuagiza ndege. Walimwonya asijihusishe na mateka wa kike. Akajihusisha. Mwanamke akajua siri ya wingu, akatoroka akawaambia wenzake, na safari iliyofuata walilenga mishale juu. Kibuuka akaangukia juu ya mti huko Mawokota, akafa, akawa mungu. Watu wakahifadhi masalia yake: taya, kitovu, na viungo vingine ambavyo Mama asingeniruhusu kuvitaja hapa, ingawa mmisionari John Roscoe hakuona haya kuviandika alipovipata na kuvipeleka Cambridge.

Uhuru ulipokuja mwaka 1962, Cambridge wakayarudisha masalia ya Kibuuka. Fikiria mzigo huo. Nchi changa inapokea bendera, wimbo wa taifa, na taya la mungu wake wa vita. Wengine wangeona ni dalili. Sisi tulisaini risiti. Mwaka 2024 Cambridge hao hao wakaleta vitu vingine 39, safari hii kwa mkopo wa miaka 3. Mkopo. Mgeni wangu, ambaye ni mfanyabiashara, alitaka kujua riba ni asilimia ngapi.

Jioni nilimsimulia Mzee kwa simu habari za taya. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata mungu naanguka kwa sababu ya mwanamke na siri," akasema. Kisha akaongeza kwamba yeye mwenyewe ana makumbusho, tena hayatozi kiingilio.

Ni kweli, anayo. Ni sanduku la bati chini ya kitanda, rangi ya kijani, namba yake ya jeshi imeandikwa kwa brashi juu ya kifuniko. Ndani mna kifungo cha mkanda wa UNLA, vitambulisho vya majeshi mawili vilivyofungwa pamoja kwa mpira, picha ya Mama akiwa na miaka 20 mbele ya yuniporti, na medali. Medali alipewa mwaka mmoja kwa utumishi wa muda mrefu, na cheti chake kina jina la mtu mwingine. Herufi tatu zimekosewa, na kwa Kijapadhola herufi tatu zinatosha kukuhamisha ukoo. Aliirudisha ofisi iliyompa. Wakamwambia aandike barua. Akaandika. Wakamwambia barua imepotea, aandike nyingine. Akawaambia basi, huyo mtu mkimpata mwambieni medali yake iko kwangu.

Kuna kitu kimoja Mzee hana mzaha nacho. Tunapokwenda Gulu, barabara inapita Luwero, ambako UNLA ilipigana na waasi wa Museveni. Baada ya vita wanakijiji wa huko walikusanya mafuvu ya waliouawa, wakayapanga hadharani kando ya barabara ili wapita njia waone. Leo pale wanapanga mananasi. Mzee husema hakuwahi kupelekwa Luwero. Amelisema hilo mara mbili tu maishani mwangu, na mara zote mbili sikuwa nimemuuliza. Tukifika pale hugeuza uso kwenye dirisha la upande wa pili mpaka tuvuke. Sijawahi kumnunulia nanasi la njiani.

Basi mwaka huu, wiki moja kabla ya Tarehe Sita, jeshi likapiga mahema kwenye kituo cha afya karibu na kwetu. Hiyo ndiyo sherehe yenyewe siku hizi kwa raia: wanatibu watu bure, wanafagia soko, wanapaka rangi wodi. Mzee alikuwa na gego lililomsumbua tangu Krismasi, na mganga wa meno wa mjini alikuwa amemtajia bei ambayo Mzee aliichukulia kama tusi. Nikamsindikiza. Tukapanga foleni nyuma ya vikongwe watano na kijana mmoja aliyeumwa na nyuki.

Daktari wa meno alikuwa luteni, binti asiyefika miaka 30, glavu mkononi, beji ya cheo begani, na Kiswahili cha shule chenye ngeli zote mahali pake.

"Shikamoo Mzee. Fungua kinywa."

"Ndiyo, Afande."

Akapiga sindano ya ganzi, na tulipokuwa tunangoja ikolee akamuuliza, kwa kuwa alikuwa ameona namna alivyokaa amenyooka kwenye kiti cha plastiki, kama alikuwa jeshini. Mzee akainua vidole kuonyesha mwaka 1979. Luteni akafurahi sana.

"Kumbe wewe ni wa zamani! Basi Kabamba ulikuwepo?"

"Hapana," Mzee akajibu, mdomo umeshaanza kwenda upande. "Mimi nalinda Jinja."

"Mlikuwa mnalinda dhidi ya nani, Mzee?"

Mzee akamtazama, kisha akatazama koleo.

"Nyinyi."

Yule binti aliweka koleo kwenye sinia akacheka mpaka akalazimika kubadilisha glavu. Askari wawili wakaja kuuliza kuna nini. Akawaambia, nao wakampigia Mzee saluti, ya mzaha nusu na ya kweli nusu. Halafu akaliweka goti kwenye kiti na kuling'oa gego kwa mvuto mmoja. Lilikuwa kubwa, la kahawia, na mizizi mitatu kama jiko la mafiga. Alipotaka kulitupa ndoo, Mzee akamzuia kwa kiganja. Akalifungia kwenye pamba na kumpa.

Nyumbani alilitoa sanduku chini ya kitanda, akafungua, akatafuta nafasi kati ya kifungo cha mkanda na cheti cha yule mtu mwingine. Nikamuuliza jino bovu la nini tena.

"Ya Kibuuka iko Kampala," akasema, maneno yakimtoka upande mmoja. "Nani nakuambia yangu natupwa?"

Akapiga kufuli. Kisha akauliza kama Mama ameacha uji uliopoa, maana Afande amemkataza chai ya moto mpaka kesho.